Kodi Nililipa, Nyumba Ikauzwa

Januari 2009. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, hata viatu sijavua, nikasikia hodi. Nje kulikuwa na ile baridi ya Minnesota inayogandisha kope. Mwanamume aliyesimama mlangoni hakuniuliza jina, aliuliza tu kama naishi hapo. Nikasema ndiyo. Akanikabidhi bahasha nene, akarudi garini.

Ndani niliona jina la mwenye nyumba, deni lake la benki, na tarehe ya mnada wa sherifu: wiki 5 mbele. Mimi niliyekuwa nikilala humo na mke na binti yangu sikutajwa popote.

Tuliishi Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, mji wenye Wakenya na Waliberia wengi. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa kwetu, tukimwita Mzee kwa heshima. Miaka ya 2004 na 2005 mikopo ya nyumba ilitolewa kama njugu: riba nafuu miaka 2 ya kwanza, kisha inapanda. Alinunua ya kuishi, akaongeza na hii ya kupangisha. Riba ilipopanda, kodi yangu haikutosha tena kulipia rehani. Kuuza nako hakukumfaa, maana bei ya nyumba ilishashuka chini ya deni.

Nikampigia simu.

"Ndugu yangu, hayo ni makaratasi ya benki tu," akasema. "Wewe lipa kama kawaida."

Nilikwenda kwa watu wa msaada wa kisheria nikitarajia wamkanushe. Wakamuunga mkono. Sheria ya jimbo, walinieleza, kwa kawaida humpa mwenye nyumba miezi 6 baada ya mnada aikomboe nyumba yake, na katika miezi hiyo kodi bado ni haki yake. Nikigoma kulipa, atanifukuza yeye kabla ya benki. Basi kila tarehe 1 nikampelekea dola 950, nikijua hata senti haifiki benki. Risiti nilizifunga kwa mpira wa nywele wa binti yangu.

Huku nyuma mtaa ulikuwa unanyauka. Jirani wa nyumba ya pili alihama usiku, gesi ikakatwa, maji yakaachwa kwenye mabomba. Baridi ikayapasua. Maji yakapenya chini ya mlango wa gereji, yakaganda hadi barabarani, na watoto wakapageuza pa kuteleza. Theluji ilipoyeyuka, wezi waliingia kung'oa mabomba ya shaba. Kufikia Julai nyasi zilikuwa kiunoni na madirisha yamepigiliwa plaiwudi.

Muda wa kukomboa uliisha Agosti. Wakala wa benki akaja na ofa: dola 500 mkononi, mradi tuondoke ndani ya wiki 2. Bahati yetu, tarehe 20 Mei mwaka huohuo Rais Obama alikuwa ametia saini sheria ya kuwalinda wapangaji wa nyumba zilizonadiwa. Nikamwambia wakala nataka siku zangu 90. Alinitazama, akafunga faili, akaenda zake.

Siku hizo 90 nilizimaliza kwenye foleni. Nilidhani nyumba zikianguka bei, na kodi zitafuata. Bei kweli zilianguka: nyumba ya wastani eneo la Minneapolis na St. Paul ilikuwa takriban dola 230,000 mwaka 2006, na kufikia 2011 ilikuwa takriban 150,000. Lakini kila fleti niliyoiulizia ilikuwa palepale au juu zaidi. Waliopoteza nyumba hawakuhama mji; walikuja kupanga, wakatukuta sisi tumeshapanga mstari. Nyumba zilizobaki tupu zilikuwa mikononi mwa benki, na benki haikutaka mpangaji, ilitaka mnunuzi.

Jumamosi moja ya Oktoba, katika ofisi ya fleti, nilimwona Mzee. Nyumba yake ya kuishi nayo ilikuwa imekwenda. Alishika fomu ileile niliyoshika mimi, na alilipa ada ileile ya maombi isiyorudishwa. Nilitaka kumuuliza habari ya dipoziti yangu. Nikaona jinsi alivyokuwa akiisoma sehemu ya historia ya mkopo, kalamu imesimama, nikamwamkia tu: "Shikamoo Mzee." Akaitikia bila kuinua macho.

Tulihama Novemba. Ile sheria iliachwa ikafa mwishoni mwa 2014, ikarudishwa 2018, safari hii bila ukomo. Hata hivyo humpa mpangaji muda tu, haimrudishii pesa. Kwa hiyo siku hizi kabla sijatia sahihi mkataba, nafungua kumbukumbu za kaunti, ambazo ni wazi kwa yeyote, nione nyumba ni ya nani na kama imetangaziwa mnada. Mwenye nyumba hukuuliza mshahara wako. Nawe muulize rehani yake.