Soja Alilala Wapi?

Niliambiwa tunaenda kuona kasri. Tukafuata njia ya msituni nje ya mji wa Lismore, kaunti ya Waterford huko Ayalandi, viatu vikinata matope, na kweli minara ikatokea: vijumba viwili vya mawe vilivyounganishwa na tao, madirisha yamechongoka juu kama ya kanisa, na daraja lenye minara yake. Baada ya hapo, miti tu.

"Sasa kasri iko wapi?" nikauliza.

Haiko. Arthur Kiely-Ussher, mwenye shamba la Ballysaggartmore, alianza na lango, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Pesa zikakatika hapo. Kasri likabaki ndoto, yeye akabaki kwenye nyumba yake ya zamani. Na njaa kuu ilipoingia mwaka wa 1845, huyu huyu wa lango la fahari akawafurusha wapangaji wake mashambani.

Nikampigia Baba simu ya video, nikamzungushia kamera. Akatazama kimya.

"Hebu rudi hapo getini. Soja alikuwa analala wapi?"

Wenzangu waliuliza nani alijenga. Mimi niliuliza kasri. Yeye peke yake ndiye aliyeuliza hilo.

Baba alilinda geti la watu huko Karen kwa miaka 18. Kibanda chake kilikuwa na vigae vyekundu kama vya nyumba kubwa, na nikiwa mdogo nilikionea fahari, maana kwetu Kawangware tulikuwa na mabati. Kisha likizo moja nikampelekea chakula jioni, mvua ikanifungia humo hadi asubuhi. Vigae vilikuwa vya kutazamwa na wageni. Ndani, mtu hangeweza kunyoosha miguu. Leo akipanda matatu, unasikia magoti yake yakilia.

Nikamweleza nilichosoma: mabwanyenye wa Uingereza na Ayalandi walitaka lango limpendeze mgeni aliye kwenye gari la farasi, kushoto kufanane na kulia. Kwa hivyo wakati mwingine nyumba ya bawabu iligawanywa mara mbili, chumba huku, chumba kule, barabara ya tajiri ikipita katikati. Familia inapika upande mmoja, inavuka na mvua kwenda kulala upande wa pili.

Baba akacheka kidogo, akisugua goti.

"Huyo angalau alijinyoosha."