Kutoa Pumzi

Nilikuwa na miaka tisa meli ya MV Bukoba ilipozama ziwani, asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imebakiza safari fupi kufika Mwanza. Mama mdogo alikuwa ndani. Katika mengi niliyosikia wakubwa wakisimuliana matangani, moja lilinikaa: meli ilipinduka lakini haikuzama papo hapo. Ilielea, na watu waliokuwa hai ndani yake walisikika wakigonga chuma. Likatobolewa tundu ili watolewe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatokea hapo, nayo ikazama.

Akili yangu ya kitoto ikalishika hilo kama sheria: hewa ikitoka, ndiyo basi.

Nilipofika miaka 36, nikiishi Dar es Salaam, binti yangu alianza kufundishwa kuogelea. Sikutaka anione nimekaa pembeni nikitetemeka, nikajiandikisha darasa la watu wazima. Kuelea nilijifunza, na kupiga miguu nikiwa nimeshika ubao. Mtindo huru ndio ulionishinda. Bwawa lina mita 25. Nikifika katikati, moyo unadunda, mabega yanawaka, nadaka kamba. Niliamini sina nguvu. Nikawa nakimbia alfajiri na kupiga pushapu, miezi mitano mizima, na bado nilikomea palepale. Siku moja nilijifungia chumba cha kubadilishia nguo nikalia, na nilijua ninayemlilia.

Mwalimu wetu, dada mdogo kwangu kwa umri, alizama na miwani yake akanitazama kwa chini. Alipoibuka aliniuliza, "Kaka, mbona huna mapovu?"

Sikuwa nayo. Nilikuwa nabana pumzi tangu uso unapoingia majini, kisha nikigeuka nataka kutoa na kuvuta kwa nukta moja. Alinieleza kwamba ile hali ya kukabwa huletwa hasa na kaboni dioksidi inayojaa mwilini, kabla hata oksijeni haijapungua sana. Tena kifua kilichojaa kinapanda, miguu inashuka. Nami nilikuwa nainua kichwa kutafuta hewa, jambo linaloishusha miguu zaidi. Nilikuwa naburuta mwili wangu kama gunia.

Nikamsimulia habari ya meli. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba hiyo ndiyo sababu ya hofu yangu. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi tuanzie hapo."

Tulikwenda kwenye kina cha kifua. Akaniambia nitoe pumzi yote, polepole, niketi sakafuni. Mara tatu nilitoa nusu nikaibuka. Mara ya nne niliguna wimbo aliokuwa akinibembelezea mama mdogo, kwa sababu mtu hawezi kuguna huku amebana pumzi. Mapovu yakapanda yote. Nikashuka hadi vigae vikanigusa. Hewa imetoka, nimezama, na niko hai. Nimekaa chini ya maji nasikia kimya. Nikasukuma kwa miguu, nikasimama.

Wiki mbili tulifanya hilo tu. Baada yake mengine yalikuja upesi kuliko nilivyotarajia: kutazama chini badala ya mbele, kugeuza mwili kuanzia nyonga ili mdomo uikute hewa wenyewe, jicho moja likibaki majini, kiwiko kiwe juu ili kigasha kizima kisukume maji, wala si kiganja peke yake. Navuta pumzi kila baada ya mikono mitatu. Mwanzoni nilihesabu mikono 34 kwa urefu mmoja wa bwawa. Sasa ni 22, na nikigusa ukuta nageuka narudi.

Desemba nilikwenda Mwanza. Nilipitia Igoma, kwenye makaburi ya wale waliokufa siku ile, nikakaa saa nzima. Jioni nikapanda meli kwenda Bukoba kwa Mama, mara yangu ya kwanza. Naijua tofauti ya bwawa na ziwa lile usiku. Sikupanda kwa kujiamini kwamba ningeweza kuliogelea. Nilisimama sitahani nikitoa pumzi polepole, kwa kuguna.

Mama hajapanda meli tangu mdogo wake afe. Alinipokea mlangoni, akanitazama.

"Umekuja na basi?"

"Hapana, Mama. Nimekuja na meli."

Akanishika mkono, akaketi nao pale kibarazani, hakuuachia hadi chai ikapoa.