Mtunzi wa Njia ya Thika

Mtu atokaye Kangema kwenda Nairobi hupita Thika, kisha Ruiru. Ni njia ya watafutaji riziki. Joseph Kamaru, aliyezaliwa Kangema mwaka 1939, alifika Nairobi mwaka 1957, kijana asiye na kitu. Miaka ilipopita, nyimbo zake za Kikuyu zilienea njia ile yote. Mimi nimezisikia katika maduka ya Ruiru na ndani ya magari ya Thika, na wazee wakanyamaza ili wazisikilize.

Siri yake ilikuwa nini? Gitaa wengi walilijua. Kamaru aliokota methali na mafumbo ya wazee, kisha kwa lugha hiyo akazungumza mambo ya wakati wake. Mwaka 1969 alitoa "Ndari ya Mwarimu", akiwakemea walimu waliowatongoza wasichana wa shule. Walimu walighadhibika, hata wakatishia kugoma, wimbo ukabaki. Mwaka 1975, mwanasiasa J.M. Kariuki alipouawa, wengi walinong'ona, yeye aliimba. Mwaka 1993 aligeukia nyimbo za dini, akaziacha zile zilizompa jina. Alifariki mwaka 2018.

Nawe, msomaji, huenda moyo wako unapenda kutunga. Sauti tamu ni tunu, lakini huchakaa. Kabla ya kutafuta maneno ya kupendeza, tazama jambo ambalo kijiji chako kinalijua na hakuna athubutuye kulitaja. Ukiweza kulisema kwa adabu, na ukawa tayari kuchukiwa kwa ajili yake, umekwisha kupata ubeti wa kwanza.