Mashine Iliyoota Kutu



Wapendwa taifa la Mungu, nyuma ya ukumbi wetu wa parokia ipo mashine ya kufyatulia matofali iliyoota kutu. Wengi wenu mnaipita kila Jumapili bila kuuliza. Juma hili napenda niwaeleze habari zake, kwa sababu ni habari ya kosa langu, na kwa sababu hivi karibuni nusura nilirudie.

Miaka sita iliyopita, nilipokuwa mgeni katika parokia hii ya pembezoni mwa Temeke, niliguswa na vijana kumi na wawili waliokuwa wakishinda kijiweni bila kazi. Niliwaandikia wafadhili, mashine ikanunuliwa, nami nikalitangaza kundi lile altareni kuwa ni ushirika. Lakini mwenyekiti nilimteua mimi. Kitabu cha benki nilikiweka mimi. Ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwangu, na kila walipouza matofali waliniletea fedha, nami nikawagawia. Baada ya miezi minane hakubaki hata mmoja. Nilipomuuliza kijana mmoja sababu, alinijibu kwa upole: “Baba, sisi tulikuwa vibarua wako.” Nilimwona hana shukrani. Leo nakiri kwamba alisema kweli.

Mwaka huu wamenijia mafundi cherehani kumi kutoka jumuiya zetu za Mbagala, akina mama tisa na baba mmoja. Kwa miaka mingi wameshona sare za shule kwa tajiri mmoja. Vyerehani ni vyake, vitambaa ni vyake, chumba ni chake. Wao hulipwa kwa kila nguo. Mama mmoja wao aliugua miezi miwili. Aliporudi alimkuta mwingine ameketi kwenye cherehani alichokitumia kwa miaka kumi na sita. Hakupewa hata neno la kuagwa.

“Baba,” wakaniambia, “tununulie vyerehani sita, nasi tutakuweka uwe mwenyekiti wetu.”

Nakiri kwamba nilifurahi. Usiku ule nilianza kuandika barua kwa wafadhili walewale. Nilipotoka kufunga geti nikapita mbele ya ile mashine, nikasimama. Barua sikuimaliza. Asubuhi niliwaambia: “Jumamosi tupande daladala, twende Msasani.”

Huko, karibu na Morogoro Stores, wapo wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968, akitumia rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Aliacha wanafunzi wachache, wengi wao ndugu na jamaa zake. Wangeweza kutawanyika na kila mmoja kumtafuta tajiri wake. Badala yake waliungana mwaka 1977, na mwaka 1990 wakajiandikisha kuwa chama cha ushirika, ambacho wenye chama ndio haohao wenye brashi mkononi. Mafundi wetu hawakuuliza sana habari za rangi. Waliuliza: fedha anaweka nani, na mwenyekiti akiharibu anaondolewa na nani? Jibu la swali la pili ni lilelile katika kila ushirika wa kweli: mkutano wa wanachama, mtu mmoja kura moja.

Njiani kurudi, yule baba, ambaye ni mzee kuliko sisi sote, alitukumbusha jambo jingine. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini, hata KNCU ya Kilimanjaro iliyokuwapo tangu 1933, na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha. “Lakini,” alisema, “mtu aliyenyang’anywa nyumba kwa tangazo, akirudishiwa kwa tangazo, hulala akiwa na wasiwasi kwamba bado si yake.” Nilinyamaza. Nami niliwahi kuunda ushirika kwa tangazo.

Yupo padre aliyenitangulia katika shule hii, tena mwanafunzi bora kuliko mimi. José María Arizmendiarrieta alipelekwa Mondragón, katika Nchi ya Wabaski huko Hispania, mwaka 1941. Hakuanza na mashine. Mwaka 1943 alianzisha shule ya ufundi, na mwaka 1956 vijana watano waliopita mikononi mwake wakafungua kiwanda chao. Kutokana na mbegu hiyo leo kuna kundi la vyama vya ushirika lenye wafanyakazi wapatao sabini elfu. Yeye alibaki kuwa mshauri na mwalimu. Uongozi wa kiwanda aliwaachia wenyewe. Wala tusidhani ushirika ni kinga ya hasara: mwaka 2013 kampuni yao ya vyombo vya nyumbani, Fagor, ilifilisika. Soko halimjali mwenye mali kwa sababu ni mwema.

Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mtu anapofanya kazi anastahili kujiona anashughulikia kilicho chake, na si kuwa kipande cha mtambo unaoendeshwa na wengine. Niliufundishwa waraka huo seminarini na kuufanyia mtihani. Kuuelewa nilikuja kuuelewa mbele ya kutu.

Basi nilikataa uenyekiti. Walinung’unika. Kisha wakachangishana hisa, wakanunua vyerehani viwili vilivyotumika, wakamwita afisa ushirika wa manispaa awafundishe kuandika vitabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Kona ya ukumbi wanapangisha, na kodi waliipunguza kwa kubishana nami. Wawili wamekwisha kurudi kwa tajiri, kwa sababu yeye hulipa kila Jumamosi na watoto hawawezi kungoja. Siwalaumu.

Mwezi uliopita walikaa saa tatu wakijadili kama mwanachama akiugua alipwe. Waliamua apewe nusu ya ujira kwa mwezi mmoja, na cherehani chake kisipewe mtu. Aliyepinga ni nani? Ni yule mama aliyewahi kuugua! Alisema mfuko bado mchanga, utakufa. Kura zilimshinda, naye akakubali. Nilikuwa nje kwenye benchi, sikuitwa ndani, na nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Juma lililopita niliwatafuta wale vijana wa matofali, ambao sasa ni wanaume wenye familia, nikawaomba msamaha. Nikawauliza tuifanyeje ile mashine. Wametazamana, kisha mmoja akanijibu: “Baba, tupe kwanza nafasi tukae kikao. Peke yetu.”

Nimewapa ufunguo.

Mungu awabariki.

Paroko wenu