Kwa Kima Punju wa Jozani

Tulifika msitu wa Jozani saa tatu asubuhi, akina mama watatu na watoto saba, tukitokea Mji Mkongwe. Binti yetu mkubwa alibeba kamera ya kuazima, ambayo tulikwisha kumwonya mara kumi asiiangushe.

Kima punju kwa asili yake hapatikani popote duniani ila Unguja. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 iliwakuta wapatao 5,800 tu. Mgongo wake ni mwekundu na mweusi, midomo ya waridi, na nywele nyeupe zimesimama kuuzunguka uso kama za ajuza aliyeamshwa ghafla. Wenyeji walimwita punju, yaani sumu, wakiamini kwamba mti anaoula hukauka.

Hatukuwatafuta sana. Walikuwa juu ya miti midogo kando ya barabara, wakila majani bila kutujali, na hapo ndipo adabu zetu zilipopungua. Mmoja wetu, tusimtaje, alisogea hadi karibu kumgusa ili apigwe picha naye; mdogo wetu wa miaka sita akatoa ndizi mbivu. Mwongozaji aliwazuia wote wawili kwa upole. Mafua yetu, alisema, yaweza kumwambukiza mnyama huyu, na tumbo lake limeumbwa kwa majani machanga na matunda mabichi. Sukari ya tunda bivu humdhuru. Lakini mkaa hula! Huuokota penye majivu na matanuri ya zamani, nao humsaidia dhidi ya sumu iliyomo katika majani ya miembe na mikungu anayoyapenda.

Miembe hiyo ina wenyewe. Tukiwa twarudi garini tulizungumza na mkulima mmoja mzee, ambaye shamba lake limepakana na hifadhi. Hakuwachukia kima. Alituuliza tu: "Nyinyi mwachukua picha mkaenda zenu, mimi hubakiwa na nini?" Sehemu ya kiingilio hurudi vijijini, naye alilijua hilo, ila hakuona kwamba yatosha. Hatukuwa na jibu, tukamnunulia madafu yake yote.

Dereva alipita polepole juu ya matuta, yaliyowekwa kwa sababu magari yalikuwa yakiwagonga kima hao. Usiku tulizitazama picha. Iliyo nzuri ni moja, aliyoipiga binti yetu kwa mbali: mama na mtoto wake, wametupa mgongo.