Taa za Land Rover, Mbozi Mission

Nilikuwa sijawahi kuvuka Mbalizi kuelekea Tunduma. Ufundi wangu wa umeme wa magari niliufanyia Mwanjelwa, mpaka baba mdogo alipopiga simu: gari lake halioni usiku, na kahawa imeanza kuiva. Nikatia begini waya, fyuzi na rilei, nikapanda Costa.

Baada ya Mbalizi barabara inashuka kwenye joto la bonde la Songwe, halafu inapanda Senjele. Malori ya Zambia na Kongo yanapanda hapo kwa mwendo wa kobe, mengine hata taa za nyuma hayana. Nikawaza pikapu yenye taa hafifu ikiyakuta usiku, nikaelewa kwa nini mzee alipiga simu.

Mlowo nikashuka, bodaboda ikanipeleka Mbozi Mission. Nilidhani naenda kijijini tu. Nikakuta kanisa, hospitali, watu wengi na kahawa pande zote. Wamoravian, waliofika Rungwe mwaka 1891, walifungua kituo hapa karne ile ikielekea ukingoni. Baridi ya Juni, hata hivyo, hakuna aliyenionya.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Kunywa chai kwanza, gari halikimbii.”

Gari lenyewe ni Land Rover 109 ya Series III, toleo la kati ya 1971 na 1985. Kuna mtu alikuwa amemwuzia globu za wati 100. Taa zikabaki za manjano vilevile, ila sasa na swichi ya kwenye stelingi ikawa inanuka. Haikunishangaza. Kwenye gari hili umeme wote wa taa kubwa unapita ndani ya swichi hiyo ndogo. Globu mbili za wati 60 zinavuta ampea 10. Za wati 100 zinakaribia 17. Nikawasha taa na kupima: betri volti 12.4, kwenye soketi ya globu 10.3. Volti zikipungua kwa asilimia 10 tu, globu inapoteza karibu theluthi ya mwanga wake.

Waya za zamani sikuzing'oa, nilizipunguzia kazi. Ile ya bluu yenye mstari mweupe, ambayo ni ful, na ya bluu yenye mstari mwekundu, ambayo ni dim, sasa kila moja inaamsha rilei yake tu. Umeme wa taa unatoka betri, unapita kwenye fyuzi, unaingia mguu wa 30 wa rilei na kutokea 87, kisha unafika kwenye globu kwa waya mnene. Nikarudisha globu za 60/55. Zikawaka nyeupe.

Nyuma kulikuwa na ugonjwa mwingine: ukikanyaga breki, indiketa nazo zinapepesa. Hiyo ni ethi. Bodi ni ya alumini, chesisi ni ya chuma, na zinapogusana penye unyevu alumini inaliwa na kutoa unga mweupe. Umeme ukikosa njia ya kurudi, unapitia globu ya jirani. Nikavuta waya mweusi kutoka kila taa hadi kwenye chesisi, nikakwangua rangi, nikakaza bolti na kupaka grisi.

Jioni tukaelekeza gari ukutani, na dim ikapanda upande wa kulia, yaani machoni mwa dereva anayekuja. Taa alizofungiwa zilikuwa za nchi zinazoendesha kulia. Kasoro hiyo haiondoki kwa kugeuza skrubu, iko kwenye kioo chenyewe. Bahati nzuri zile za zamani zilikuwa bado stoo, tukazirudisha.

Wewe mwenye gari la zamani, kabla hujanunua globu kali zaidi, mwambie fundi apime volti kwenye soketi huku taa zinawaka. Na ukinunua taa, hakikisha ni za nchi zinazoendesha kushoto.