Ua la Jabalini

Kusini-magharibi mwa kisiwa cha Morisi upo mlima Le Morne Brabant, jabali la volkeno lenye kimo cha meta 556. Katika miteremko yake ya mawe huota kichaka kisichopukutisha majani, Trochetia boutoniana, chenye maua mekundu yaliyoinama kama kengele. Wenyeji huyaita hereni. Utomvu wake mtamu una rangi, ilhali wa maua mengi hauna. Kwa asili hakioti mlima mwingine. Tarehe 12 Machi 1992, Morisi ilipokuwa jamhuri, ua hilo lilifanywa ua la taifa.

Jabali hilohilo liliwaficha watumwa watoro, na miongoni mwao walikuwamo waliotolewa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo habari ya ua hili si ya wageni kwetu. Pagumu pa kupanda ndipo palipomsitiri mnyonge.

Lakini jabali peke yake si mlinzi. Mimea ya kigeni hupanda magenge bila kuchoka, ikaisonga ya asili. Chuoni nilikuwa nikiwauliza walimu wanafunzi majina ya maua. Waridi walilijua wote. Kichaka cha nyuma ya darasa hakikuwa na wa kukitaja. Nami sasa nimepita miaka sabini, na wazee waliojua majina hayo wanazidi kupungua.

Msomaji, mtu hulinda anachokijua. Muulize mzee wako jina la mti mmoja, kisha umfundishe mtoto.